Mshono wa Mkia

Fundi Macho hakujipa jina hilo mwenyewe. Walimpa wateja, naye akalivaa kama mtu avaavyo saa ya dhahabu, mkono mbele ili kila mtu aone. Ukimpelekea suruali iliyochanika gotini, anakurudishia nzima, utafute palipochanika hadi uchoke. Nukta zake zilikuwa ndogo, za karibu karibu, zimenyooka hata ungedhani zimepigwa na mashine ya kiwandani. Na mdomo wake? Mungu wangu, mdomo! Mkasi wake ulikuwa mpole ukiulinganisha na ule mdomo. Mteja mnene aliambiwa mbele za watu kwamba futi imeisha, aje na kamba. Watu walicheka, walilipa, na walirudi, maana kazi ilikuwa kazi.

Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, cherehani ya miguu chini ya dirisha, kochi moja bovu la wateja, na pazia. Nyuma ya pazia palikuwa na meza ya pasi. Hapo ndipo alipokaa mtoto wa marehemu kaka yake, msichana wa miaka ishirini na miwili, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba na mfupi kidogo tangu utotoni. Siku ile ile alipomchukua, mtoto ana miaka saba, anamlilia baba yake, Fundi Macho alimtazama akichechemea mlangoni akasema, "Huyu nimeletewa mtu au kijiti?" Jina likaganda. Wateja nao wakamwita Kijiti, wakidhani ni jina la mapenzi. Mapenzi gani!

Sasa sikiliza jambo ambalo wateja hawakulijua. Fundi Macho hakuwa na macho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kabisa, na la kushoto lilibakiwa na ukungu wenye vivuli ndani yake. Daktari alishamwambia kwamba kilichokufa ni mshipa wa ndani, hakuna dawa wala miwani. Mtaani siri hiyo waliijua watu wawili tu, yeye na Kijiti. Kila asubuhi Kijiti alitia uzi kwenye cherehani, kisha akatunga sindano za mkono na kuzichoma kwenye mto wa sindano kwa mpangilio: nyuzi nyeusi safu ya juu, nyeupe ya katikati, za rangi safu ya chini. Mengine yote Fundi Macho aliyafanya kwa vidole. Vidole vyangu vinaona, alijiambia, na aliamini hivyo kwa moyo wote.

Akimaliza nguo aliitupa nyuma ya pazia ipigwe pasi. Na hapo ndipo ugomvi wa kila siku ulipoanzia, kwa sababu pasi ya Kijiti haikuisha. Shati moja, saa nzima. Gauni moja, saa mbili.

"We mtoto, unaipiga pasi au unailea?" alikuwa akifoka. Siku nyingine aliingia na futi ya mbao akamchapa nayo mgongoni, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, halafu akarudi kwenye cherehani kana kwamba ameua mbu.

Siku mambo yalipoanza, matroni wa bweni la wasichana alikuwa amekuja kupimwa koti. Alikuwa anastaafu, anataka koti la heshima la kuagia. Kijiti akafungua pazia akiwa na pasi mkononi.

"Shangazi, meneja wa bwawa la kuogelea anatafuta nguva."

"Anatafuta nini?"

"Nguva. Wa kuogelea Jumamosi na Jumapili, watoto waje kutazama. Ameniona Jumapili zile ninapokwenda kuogelea. Amesema kazi ni yangu na chumba cha kulala kipo hapo hapo, ila mkia niende nao mwenyewe. Na uwe mkia hasa, si gunia lililopakwa rangi. Amenipa wiki tatu."

Fundi Macho alicheka hadi akashika ubavu. "Nguva mwenye mguu wa kuku! Watoto watadai warudishiwe kiingilio!"

Matroni naye alicheka, kisha akajifuta machozi. "Lakini fundi, ndani ya mkia huo mguu nani atauona? Na mkia si ni kushona tu? Fundi Macho atashindwaje?"

Ndivyo alivyonaswa. Kijiti hakuwa mjinga. Angeweza kuomba jambo hilo wakiwa wawili, akaambiwa ng'o, yakaisha. Akaomba mbele ya mteja. Na Fundi Macho, ambaye hajawahi kukiri mbele ya mteja kwamba kuna kitu kinachomshinda, alijikuta anasema, "Nishindwe mimi? Wiki tatu nyingi. Nitamshonea mkia samaki wenyewe wauonee wivu."

Matroni alipoondoka ndipo moyo ulipompasuka. Kijiti akienda, nani atatunga sindano? Nani atamwambia huu uzi ni mweusi, huu ni wa bluu? Amwajiri mtu mwingine? Huyo mtu mwingine ana mdomo, na wiki moja haitaisha kabla mtaa mzima haujajua kwamba Fundi Macho anapapasa. Mkia ule ukifaulu, yeye amekwisha. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na kila alichofanya baadaye alikifanya huku akilijua.

Mkia wa dukani huagizwa ng'ambo, na bei yake haikuwa ya watu kama wao. Kwa hiyo Kijiti alikuwa ameshapanga kila kitu. Kwanza ilitakiwa sanamu ya miguu yake, ili mkia ubane kama ngozi. Alisimama juu ya kigoda, miguu pamoja, mikono imeshika ukuta, na shangazi yake akamviringisha nailoni ya kufungia chakula kutoka kiunoni hadi kwenye vifundo, kisha juu yake selotepu pana, mizunguko mitatu. Aliivuta kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

"Shangazi, inabana."

"Nguva halalamiki. Nguva hata sauti hana."

Alipomaliza, badala ya kuchukua mkasi na kulipasua lile ganda kwa nyuma amtoe, alisikia mteja anabisha hodi. Akamwacha. Alimhudumia mteja, akanywa chai, akasuta watu wawili waliokuwa wanapita barabarani. Kijiti alisimama juu ya kigoda saa nzima, miguu imefungwa, hawezi kushuka wala kukaa, jasho linatiririka ndani ya nailoni. Hakuita. Fundi Macho aliporudi na mkasi alimkuta amegusisha paji la uso ukutani.

"Bado uko hapo? Nilidhani umeogelea umekwenda zako."

Walilijaza lile ganda vitambaa vibovu hadi likasimama lenyewe, miguu ya mtu bila mtu. Fundi Macho alilipapasa. Upande wa kushoto ulikuwa umebonyea kuanzia pajani kwenda chini. "Loo! Muhogo uliotafunwa na panya," alisema. Kijiti alichukua sponji ya godoro, akaikata, akaibandika upande ule uliobonyea hadi pande zote mbili zikalingana.

Kitambaa kilitoka kwenye mtumba, vipande vya nguo za kuogelea vinavyovutika, vyeusi na kijani, vinavyouzwa kwa kupimwa kwenye mizani. Kwa magamba, Kijiti aliomba mifuko ya nyavu ya vitunguu kwa wauza mboga, akaosha, akaikata. Walitandaza wavu juu ya kitambaa wakaubana kwa pini, kisha wakapaka juu yake silikoni, ile gundi ya mafundi wa vioo inayokamuliwa kwenye bomba, waliyoichanganya na rangi ya kijani na unga kidogo wa fedha wa kupakia mageti. Nyumba nzima ilinuka siki. Silikoni iliposhika kidogo, Kijiti alinyanyua wavu polepole.

"Gusa, shangazi."

Fundi Macho aligusa. Chini ya vidole vyake yalikuwa magamba. Magamba kweli, laini, yenye ukingo, moja limekaa pembeni ya jingine. Alitembeza kidole kutoka juu hadi chini na tena kutoka chini hadi juu. Kwa miaka miwili, tangu macho yaishe, hakuwa amegusa kitu kizuri namna ile kilichotoka mikononi mwake, na kwa dakika nzima alifurahi, alifurahi kweli kweli kama msichana. Halafu akakumbuka mkia ule unakwenda wapi na nani. Furaha ikageuka chuki papo hapo.

Pezi lilikuwa na kazi yake. Kijiti alinunua viatu vya mpira vya kupigia mbizi, vikuukuu, kimoja kimechanika. Akakata ubavu wa pipa bovu la plastiki kwa msumeno, akaumwagia maji ya moto na kuulalia na godoro hadi ukanyooka, akauchora na kuukata kwa umbo la pezi lililogawanyika, akavifunga vile viatu juu yake kwa bolti nne. Mkia wenyewe walishaushona kwa cherehani kufuata ile sanamu, na juu ya pezi wakavisha kitambaa chenye magamba. Ikabaki sehemu moja tu, pale mkia unapokutana na pezi, kwenye vifundo vya miguu. Hapo mguu wa cherehani haufiki. Hapo lazima mkono, na uzi wa nailoni wa kushonea viatu, kwa sababu nguvu yote ya muogeleaji inapita hapo.

"Hapo nitashona mimi," alisema Fundi Macho. "Hapo si pa kujaribia."

Ijumaa asubuhi, Kijiti alipotoka kwenda kununua mkaa wa pasi, shangazi yake alifungua mtoto wa meza akatoa kidonge cha uzi wa pamba alichorithi kwa bwana aliyemfundisha kazi. Kilikuwa kimekaa dirishani miaka ishirini kikiliwa na jua kabla hajakiweka humo kwa ukumbusho. Uzi huo ulikuwa umeoza. Ukiuvuta kidogo tu, unakatika bila hata mlio.

Tatizo likawa sindano. Kutunga hawezi. Basi akachukua sindano ambayo Kijiti alikuwa ameitunga uzi wa nailoni, akafunga ncha ya uzi mbovu kwenye mkia wa ule wa nailoni, akauvuta polepole upite tunduni. Mara tatu ulikatika, mara ya nne ukapita. Akashona. Vidole vilimwambia anashona vizuri, nukta ndogo ndogo; hata kwa ubaya huyu mwanamke alikuwa hawezi kushona ovyo. Alijiambia kwamba hakuna atakayekufa. Pezi litang'oka, watoto watacheka, meneja atakunja uso, na Kijiti atarudi nyumbani kwenye pasi yake. Basi. Na bwawa lina mwokoaji.

Kijiti aliporudi aliuchukua mkia akaingia nao nyuma ya pazia, akasema anakwenda kuulainisha mishono kwa pasi ya vuguvugu. Alikaa huko mpaka adhuhuri.

"Mkia nao unalelewa?" alifoka Fundi Macho. Safari hii hakuinuka na futi. Aliona aibu kidogo, na aibu hiyo ilimuudhi.

Jumamosi bwawani palijaa. Matroni alikuja na wasichana wake wa bweni, akaketi kwenye kiti cha plastiki pembeni ya Fundi Macho, akawa ndiye macho yake bila kujua.

"Wanambeba sasa, meneja na mtu mwingine. Heee! Fundi, ule ni mkia au wamemvua baharini? Unang'aa! Wameshamtia majini. Anakwenda. Jamani, hebu mwone anavyokwenda!"

Fundi Macho aliona kivuli kirefu kikipita ndani ya mwanga wa maji. Alisikia pezi likipiga, paa, paa, na kila lilipopiga alikaza meno akisubiri. Sasa hivi. Sasa hivi litang'oka. Kivuli kilivuka bwawa, kikageuka, kikavuka tena. Kwenye maji hakuna kuchechemea. Watoto walikuwa wanapiga kelele za furaha mpaka masikio yanauma.

"Amezama kabisa," alisema matroni. "Amekwenda chini. Yuko chini bado." Kelele zikapungua. "Mbona hatoki?"

Fundi Macho alisimama. Na semeni mnavyotaka, mtu mwenyewe alikuwa hajui pale aliposimama anaomba nini, huyu mtoto atoke au asitoke. Hilo ndilo lililomtisha baadaye, kwamba kwa pumzi tatu au nne hakujua.

Maji yakapasuka na watu wakalipuka kwa makofi. Kijiti alikuwa ametoka upande wa pili, anapungia watoto mkono, pezi limesimama juu ya maji nyuma yake, zima.

"Fundi Macho ni mmoja tu!" matroni aliwatangazia watu wote. "Na koti langu anashona huyu huyu!"

Meneja alimpa Kijiti kazi hapo hapo, aanze siku hiyo hiyo, ufunguo wa chumba huu hapa. Fundi Macho aliongozwa hadi chumba cha kubadilishia nguo kumsaidia kuvua mkia. Kijiti alikuwa amekaa kwenye benchi, maji yanamchuruzika. Mlango ulipofungwa wakabaki wawili.

"Gusa mshono, shangazi."

Aligusa. Nukta zilikuwa ndogo, za karibu karibu, zimenyooka. Zilikuwa zake. Lakini uzi ulikuwa wa nailoni.

"Uzi wa nailoni niliokutungia niliukuta umetupwa, una kifundo cha uzi wa pamba," alisema Kijiti. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayesoma orodha ya sokoni. "Nikavuta mshono, ukafunguka wote kama mdomo. Kina cha kule chini ni mita tatu. Ulijua?"

"Kuna mwokoaji."

"Mwokoaji ndiye meneja mwenyewe. Alikuwa anapiga picha."

Fundi Macho aliuachia mshono. Akasema, "Sasa si umefumua ukashona? Umekufa?"

"Nimefumua ndiyo. Kama ninavyofumua kila kitu. Unajua kwa nini pasi yangu haiishi, shangazi? Miaka miwili sasa. Mikono unaigeuza, vifungo unavipishanisha, mishono inatambaa kama siafu. Nafumua, nashona upya, napiga pasi, wewe unanichapa kwa kuchelewa. Hata lile gauni la bibi harusi ulilosifiwa mtaa mzima ni langu. Nukta unazozigusa hapo ni zangu."

"Muongo mkubwa wewe."

"Haya, muongo." Kijiti alivuta mkia miguuni kwa nguvu zake mwenyewe, mguu mnene ukatoka, mwembamba ukatoka. "Nguo zangu nilishazichukua asubuhi. Nimekutungia sindano arobaini, ziko kwenye mto, na cherehani nimetia uzi. Zikiisha, waambie watu."

Alisimama, akachechemea kwenda mlangoni, akaenda zake.

Fundi Macho hakuwaambia watu. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti chake, akapapasa mto wa sindano, na kweli zilikuwa arobaini, kila moja na uzi wake. Arobaini ni nyingi, alijiambia. Na yule mtoto ana wivu tu, anataka kunivunja moyo. Nitalimaliza koti la matroni kwa mkono wangu, peke yangu, ndipo tutajua nani fundi. Siku ya kwanza uzi wa cherehani ulikatika, naye akaiacha akashona kwa mkono. Sindano kumi zikaisha kwenye mgongo na mabega. Nyingine kumi na tano kwenye mikono. Alifumua mahali alipohisi pamekwenda mrama, akashona tena, na hapo zikaenda nyingi zaidi. Siku ya tano sindano ya arobaini ilimaliza pindo la chini. Akapitisha vidole juu ya koti lote, polepole, na vidole vikamwambia kwamba ni koti zuri kuliko yote aliyowahi kushona. Alilia kidogo kwa furaha. Alimtukana Kijiti kwa sauti, peke yake chumbani.

Matroni alikuja asubuhi iliyofuata, anaimba mlangoni. Akalivaa. Fundi Macho akakunja mikono akisubiri sifa. Sifa hazikuja. Alisikia kitambaa kikivutwa huku na huku, na pumzi za matroni zikibadilika.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Mkono wa kulia umetazama nyuma. Mfuko umeshonwa mdomo, kidole hakiingii. Na hii kola..." Matroni aliigeuzia kwenye mwanga wa dirisha. "Uzi mweupe kwenye koti la bluu, fundi? Nani ameshona hii?"

Mtu mwingine angesema. Nafasi ilikuwa hiyo, wazi, ya kusema mama, macho yangu yamekwisha, nisamehe.

"Si kazi yako hii," matroni alijijibu mwenyewe. "Kazi yako naijua, niliiona majuzi bwawani kwa macho yangu. Hii ni ya yule Kijiti, sivyo? Kabla hajaondoka?"

"Ndiyo," alisema Fundi Macho. "Ni yeye. Nilimhurumia nikamwachia ajaribu. Mikono kama mguu wake."

"Nilijua! Watoto wa kulea hawa!" Matroni alilivua koti, akalitupa juu ya cherehani, kisha kochi bovu likalia alipoketi. "Basi lifumue ulishone mwenyewe. Sherehe yangu ni saa kumi, na sina pa kwenda. Nakaa hapa hapa. Kwanza miaka yote hii sijawahi kukaa nikamtazama Fundi Macho akifanya kazi."

Fundi Macho alivuta mto wa sindano. Alipapasa safu ya juu, ya kati, ya chini. Sindano arobaini, zote tupu. Akachomoa moja, akakata uzi kwenye kidonge ambacho hakujua ni cha rangi gani, akaulamba ncha, akauinua mbele ya jicho lililobaki, na kuanza kutafuta tundu.

Matroni aliinuka, akasogeza kigoda karibu na dirisha, akaketi ili aone vizuri.